Debe Lisilofukizwa

Kila alasiri, baada ya kutoka shuleni na kabla ya kuruhusiwa kukaa kivulini kama binadamu wengine, Hoda alikuwa na miadi na moshi.

Mama yake, Deqa, aliuza maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Maziwa yalikuja asubuhi kwa pikapu kutoka Kinna, yakamiminwa katika debe kubwa la alumini, kisha yakaenda mikahawani na majumbani. Debe likishakuwa tupu, lilikuwa mali ya Hoda. Alilisugua kwa maji moto mpaka jasho limtoke, akaliacha likauke, halafu akachukua kijinga chenye makaa mekundu, akakitia ndani na kulifunika ili moshi uzunguke kila upande. Hiyo ndiyo kazi ya kufukiza. Debe lililofukizwa vizuri hutunza maziwa yasichache upesi, hata jua la Isiolo likiwa na hasira zake za kawaida.

Tatizo la moshi ni kwamba hauna adabu. Ukiambiwa uingie debeni, huingia pia kwenye nywele, kwenye mtandio na kwenye sweta ya shule. Hoda alikuwa Gredi ya Saba, na nyuma yake darasani alikaa mvulana aitwaye Chege, ambaye Mungu alimjalia pua kubwa na hakumpa kazi ya maana ya kuifanyia.

"Jamani, nyama choma imeingia!" Chege alitangaza kila asubuhi Hoda alipopita. "Nani ana ugali?"

Darasa lilicheka. Hoda naye alicheka, maana alijua kwamba akinuna ataongezewa. Rafiki yake Ivy, binti wa Kang'ethe mwenye duka la vyombo, humtetea kwa nguvu zote. "Mimi sisikii harufu yoyote," Ivy husema, huku akifungua dirisha.

Sasa, Hoda huyu hakuwa mtu wa kuonewa hivihivi. Alikuwa msemaji mkuu wa chama cha mdahalo. Muhula huo walijadili hoja kwamba vijana waachiwe kuamua mambo yao wenyewe, na Hoda aliitetea kwa ufasaha mkubwa hata upande wa upinzani ukajisahau na kumpigia makofi. Ushindi ule aliubeba mpaka nyumbani, ambako hakuna mwamuzi wala kengele, ila kuna mama.

"Hooyo," alianza Ijumaa hiyo, akimwita mama yake kwa Kisomali, "mimi nina miaka kumi na mitatu."

"Najua," Deqa alijibu huku akifunga furushi lake la safari. "Ulipozaliwa nilikuwepo."

"Nataka kuamua mambo yangu mwenyewe. Kila siku ni Hoda fanya hivi, Hoda usifanye vile. Lini nifukize, nifukize namna gani, nisugue mara ngapi. Mtu atakuaje kama kila kitu anaamriwa?"

Deqa aliacha kufunga furushi. Hoda aliangalia kwanza miguu ya mama yake, kuhakikisha kwamba ndara zote mbili bado ziko mahali pake. Zilikuwepo. Hiyo ilikuwa dalili njema.

"Unataka kuamua?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Na yale yatakayotokea ukishaamua?"

"Hayo pia ni yangu," Hoda alijibu, upesi kama mtu anayeomba chumvi kabla hajaonja mchuzi.

"Haya." Deqa alikaza fundo la mwisho. "Mimi naenda Garbatulla kumwona dada yangu, amejifungua. Narudi kesho adhuhuri. Kesho ni harusi ya binti wa Mzee Awale, na maziwa ya chai ni yetu. Tangu sasa debe ni lako. Sitakupigia simu kuuliza umefanya nini. Utaamua wewe."

Akaondoka. Ndivyo serikali ya Hoda ilivyoanza, bila gwaride wala mizinga.

Kiongozi mpya aliketi kwenye kigoda akalitazama debe. Kisha akautazama mtandio wake mpya wa rangi ya waridi, uliokuwa umepigwa pasi kwa ajili ya harusi na kutundikwa ukutani. Kisha akagusa nywele zake, alizokuwa ameziosha na kuzipaka mafuta yenye harufu ya asumini. Akajichorea akilini picha ya Chege, ambaye baba yake alialikwa pia, akisimama langoni mwa harusi na kupaza sauti, "Nyama choma imeingia!"

Hapo msemaji mkuu wa chama cha mdahalo akajipa hoja. Mitungi ya Kinna, alijiambia, hufukizwa na akina mama wa Kinna wenyewe. Kwa hiyo maziwa huja yakiwa yamekwisha kupata moshi wao. Kulifukiza debe nalo ni sawa na kumvalisha mtu koti juu ya koti. Ilikuwa hoja nzuri sana. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba maziwa hayahudhurii midahalo.

Basi Hoda akaamua. Alitia maji baridi debeni, akalisukasuka kidogo, akayamwaga, akafunga kifuniko kikiwa bado kinachuruzika, akaenda kucheza mpira wa kati na Ivy. Ikumbukwe kwamba hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemshawishi, wala hakuwa mgonjwa. Aliamua mwenyewe, kwa akili zake timamu, kama alivyokuwa ameomba.

Asubuhi ya Jumamosi pikapu ya Galgalo ilichelewa. Galgalo alikuwa kijana wa Kiborana kutoka Kinna, mpole, aliyebeba maziwa ya akina mama kuyaleta Isiolo. Pikapu yake ilikuwa ya kijani, na mahali ambapo haikuwa ya kijani ilikuwa ya kutu.

"Salaam aleikum, bosi mpya," alisema akishuka. Nguo zake zilijaa vumbi.

"Aleikum salaam. Umechelewa, Galgalo."

"Pancha, dada. Tairi ililala barabarani kama ngamia aliyegoma. Lakini maziwa nimeyalinda." Alifunua magunia aliyoyalowesha maji na kuyafunika juu ya mitungi. "Onja, usije ukasema nimekuletea balaa."

Hoda alionja, mtungi baada ya mtungi, akimimina kidogo kwenye kifuniko kama alivyofundishwa. Maziwa yote yalikuwa matamu na mazuri. "Hakuna hata mmoja mbaya," alisema, na Galgalo akacheka kwa kuridhika. Walimimina yote katika debe, wakalipandisha kwenye pikapu, na Galgalo akalipeleka nyumbani kwa Mzee Awale, akina mama wa huko wakalipokea na kuliweka jikoni kusubiri saa ya chai. Hoda aliingia ndani kuvaa mtandio wake wa waridi. Ulinukia vizuri ajabu.

Mzee Awale alikuwa mtu wa malori, na babu yake alikuja Isiolo zamani akiwa askari, akapenda mahali hapo asiondoke tena. Ukoo wake ulikuwa umezagaa nusu ya mji, na siku hiyo nusu hiyo yote ilikuwa uani kwake, ikiwa na njaa na kiu. Mahema yalijaa. Jikoni alitawala Bile, mpishi wa harusi, mtu mwenye tumbo la heshima na mwiko mrefu kama kasia. Sufuria yake ya chai ungeweza kumwogeshea ndama.

Bile alimimina maziwa. Akachochea moto. Hoda na Ivy walisimama karibu, wakingojea kukabidhiwa birika za kuwapelekea wanawake hemani. Maziwa yakaanza kupata moto, yakatikisika, halafu badala ya kupanda, yakakatika. Sufuria nzima ikawa mabonge meupe yanayoelea katika maji ya rangi ya kuhuzunisha.

"Wallahi!" Bile alipiga kelele na kurudi nyuma, kama mtu aliyetukanwa na sufuria. "Nimepika chai ya harusi ya mama yake bibi harusi! Sijawahi kuona maziwa yakinifanyia hivi mbele za watu!"

Habari ilifika hemani kabla mvuke haujatulia. Akaja Luul, mwenyekiti wa akina mama wauza maziwa, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alichota kwa kijiko, akanusa, akaonja, akatema.

"Yamechacha," alisema. "Galgalo yuko wapi?"

Galgalo alikuwa uani akiwasaidia vijana kupanga viti. Alikuja akijifuta mikono.

"Leo ulifika saa ngapi wewe?"

"Nilichelewa, Mama Luul. Nilipata pancha."

"Na maziwa yalikuwa wapi wakati wa hiyo pancha? Kwenye friji?"

"Niliyafunika kwa magunia mabichi."

"Magunia! Jua lote lile, na wewe unanitajia magunia! Umetuaibisha mbele ya Mzee Awale na wageni wake wote. Sikia, kuanzia Jumatatu hubebi tena maziwa yetu. Tutatafuta mtu ambaye tairi zake zina akili."

Watu wengine walicheka. Galgalo hakucheka. Alilitazama lile debe lililokuwa kando ya moto, akaitazama mitungi iliyorudishwa kwenye pikapu yake, akawa kama mtu anayejihesabia makosa na asiyapate.

"Labda kweli ni jua," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, akaondoka.

Hoda alimtazama akienda zake. Alijua. Katika ua ule uliojaa watu wenye ndevu, wenye malori na wenye vyeo, ni yeye peke yake aliyejua. Aliyaonja maziwa yale. Hayakuharibiwa na jua wala pancha. Yaliharibikia ndani ya debe lake.

Alimvuta Ivy mpaka nyuma ya tangi la maji, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Ai, Hoda!" Ivy alishika mdomo. Kisha, kwa kuwa alikuwa rafiki mwaminifu, akaanza kutafuta mlango wa kutorokea. "Nyamaza tu. Hakuna atakayekuuliza. Wewe ni mtoto."

"Jana nilikuwa mtu mzima," Hoda alisema.

"Kwani lazima uwe mtu mzima kila siku? Pumzika leo."

"Wanamfukuza kazi, Ivy."

"Basi sema debe lilikuwa na ufa."

"Halina ufa."

"Tunaweza kulitia," Ivy alisema, na kwa sekunde moja ya aibu wote wawili wakaangalia kama kuna jiwe karibu. Palikuwa na jiwe, zuri, la ukubwa unaofaa. Hoda alilitazama, kisha akalipa kisogo. Huenda hapo ndipo ushujaa wake ulipoanzia, ingawa hakuna aliyepiga vigelegele.

Alimkuta Galgalo nje ya lango, amechutama kando ya tairi yake iliyozibwa. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuongea kwenye simu.

"Galgalo, nataka kukwambia kitu."

"Usihuzunike, dada," alimkatiza. "Nimeona uso wako pale jikoni. Hili si jambo la watoto. Nimeshampigia Akko Talaso, yule bibi mkubwa wa akina mama huko Kinna, nikamwambia maziwa yao yaliharibika mikononi mwangu. Ni heri wasikie kwangu kuliko kwa mwingine."

Kumbe lile kosa lilikwisha kuota miguu. Lilitoka debeni, likapita jikoni, likazunguka mahema yote, na sasa lilikuwa limefika Kinna, na kila lilikopita lilijitambulisha kwa jina la Galgalo. Na mtu huyu aliyeonewa alikuwa akimbembeleza yeye asihuzunike.

Aligeuka akarudi uani. Hakutembea polepole, kwa sababu aliogopa kwamba akipunguza mwendo miguu itabadilisha nia.

Akina mama wa maziwa walikuwa wamekaa kwenye mkeka mkubwa, wakimzunguka Luul. Deqa alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Garbatulla, hata vumbi hajajipangusa, akisimuliwa msiba wa chai. Hoda alisimama mbele yao. Alikuwa amesimama mbele ya watu mara nyingi, lakini siku zote alikuwa na upande wa kutetea. Mara hii hakuwa nao.

"Mama Luul, naomba kusema. Galgalo hakuharibu maziwa. Yalipofika niliyaonja, mtungi kwa mtungi, yote yalikuwa mazuri. Ni debe ndilo halikufukizwa. Nililisuuza kwa maji baridi nikalifunika."

Mkeka mzima uligeuka kumtazama.

"Ulisahau?" Luul aliuliza.

Hapa ndipo pa kumvulia mtu kofia. Neno "nilisahau" lilikuwa limeletwa mpaka mdomoni pake, laini, limemenywa tayari. Alichotakiwa kufanya ni kulimeza tu. Wapo watu wazima wenye mvi ambao wangelimeza na kuomba jingine.

"Sikusahau," Hoda alisema. "Niliamua."

"Uliamua kwa nini?"

"Sikutaka mtandio wangu unuke moshi."

Mtu fulani nyuma alicheka, akanyamaza haraka. Deqa alisimama, akamvuta binti yake ubavuni.

"Luul, huyu ni mtoto. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwachia debe nikaenda zangu. Niulizeni mimi."

"Hapana, Hooyo." Hoda alimtazama mama yake usoni. "Uliniuliza, na yatakayotokea je? Nikakujibu ni yangu. Uliniachia debe, hukuniachia uvivu. Usilichukue kosa langu, tafadhali."

Deqa alimtazama kama mtu anayemwona mgeni aliyevaa nguo za mtoto wake. Kisha akamwachia mkono na kusogea hatua moja kando. Kwa mama, hatua ile moja si ndogo.

Luul hakuwa mtu wa kuchelewa. "Niitieni Galgalo!" Alipokuja, alimwambia mbele ya wote, kwa sauti ileile aliyomfokea nayo: "Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Nimekosa. Nisamehe, na Jumatatu ulete maziwa yetu." Halafu akamgeukia Hoda. "Na wewe, bibi mwenye maamuzi. Tukufanye nini?"

"Nipeni madebe yenu yote, ya kikundi kizima. Nitayasugua na kuyafukiza mpaka shule zifungwe."

"Yote?" Ivy alinong'ona kwa hofu kutoka nyuma, kwa kuwa alijua atajikuta akisaidia.

"Yote."

"Tumekubali," Luul alisema, na akina mama kadhaa wakajitahidi kuficha furaha yao.

Kuhusu chai, wageni hawakufa kwa kiu. Bile alichemsha maji upya, akatia majani, iliki, tangawizi na mdalasini, akagawa chai ya rangi huku akiapa kwamba ndiyo aliyokusudia tangu asubuhi. Ilisifiwa sana. Mzee Awale mwenyewe alikunywa vikombe kadhaa na kuuliza kwa nini siku zote huharibiwa kwa maziwa.

Mwandishi mvivu angemalizia hapo. Lakini jioni ile, walipokuwa wakirudi nyumbani, Hoda alisema, "Hooyo, kesho nataka kwenda Kinna."

"Kinna? Kufanya nini?"

"Galgalo alimpigia Akko Talaso, akasema ni yeye aliyeharibu. Huko bado ni uongo wangu unaotembea."

"Hukusema uongo."

"Nilinyamaza, naye akasema kwa niaba yangu."

"Basi piga simu. Bando lipo."

Hoda alitikisa kichwa. "Kwenye simu nitaharakisha, kisha nitakata. Najijua."

Deqa hakubisha.

Kwa hiyo Jumapili walipanda pikapu ya Galgalo, Deqa na binti yake mbele, mitungi mitupu nyuma ikipiga ngoma njia nzima. Ilikuwa bahati kwamba walienda. Walipofika pale kandokando ya mfereji wa mashamba, mahali akina mama wa Kinna hukusanyia maziwa, waliwakuta wamekwisha kukutana na kukata shauri. Akko Talaso, bibi mwembamba aliyeogopwa na ngamia na madereva kwa kiwango sawa, alikuwa amempata mtu mwingine mwenye gari jipya. Galgalo alisikia hayo akiwa bado ameshika usukani. Alishusha macho.

"Nagaa, Akko," Hoda alisalimu, na akina mama wakaitikia. Kiborana chake kilikuwa cha mitaani Isiolo, cha kununulia mandazi na kugombania zamu ya maji. Kwa kuungama hakikutosha. Hivyo alisema kwa Kiswahili, na Galgalo, aliyesimama kando yake, akapewa kazi ya kutafsiri.

"Waambie maziwa yao yalifika salama. Waambie niliyaonja. Waambie niliharibu mimi, kwa sababu nilikuwa mvivu na nilitaka kunukia vizuri harusini, nikaacha kufukiza debe. Waambie wewe ulibeba lawama bure na mimi nikakutazama tu."

Galgalo alikohoa, akasema maneno machache mno. Akina mama wakatikisa vichwa kwa huruma.

Hoda alimgeukia. Kiborana chake kidogo kilimtosha kusikia kilichokosekana. "Galgalo, hukusema mvivu."

"Nimesema ulikuwa umechoka na shule."

"Sikuchoka na shule. Nilienda kucheza kati."

"Dada, hawa ni wazee. Kuna haja gani?"

"Sema mvivu."

Galgalo alijikuna shingo. Alimwangalia Deqa aombe msaada, lakini Deqa alikuwa akiutazama mfereji kwa makini kama mtu anayesoma. Basi akasema lile neno, na lile la harusi, na lile la kucheza kati, na lile la kutazama tu. Akina mama walipasuka kicheko mpaka mmoja akashika mbavu. Akko Talaso hakucheka. Alimwashiria Hoda asogee karibu, akamshika kidevu kwa vidole vikavu.

"Mitungi yangu hufukizwa," alisema kwa Kiborana, na Galgalo akafuatisha kwa Kiswahili. "Lakini moshi wa mtungi hubaki kwenye mtungi. Maziwa yakihamia chombo kingine, hicho ndicho kinachoyalinda au kuyaua. Hilo hukulijua?"

"Nililijua, Akko. Nilijifanya sijui."

"Nani amekutuma hapa? Mama yako?"

"Hapana. Nimeamua mwenyewe."

Akko Talaso alimwachia kidevu. Aliwageukia wenzake, wakazungumza upesi, Hoda asipate hata neno. Halafu mwanamke mmoja akainuka, akabeba mtungi wa maziwa uliokuwa kivulini, akaupandisha kwenye pikapu ya kijani. Mwingine akafuata. Galgalo alibaki amesimama pale pale, mikono ikining'inia, mpaka mmoja wao alipomwuliza kama anangoja mitungi ijifunge kamba yenyewe. Alikimbia kuifunga.

Akko Talaso alimngoja mpaka arudi, kwa sababu alikuwa na neno bado, na alitaka litafsiriwe.

"Sikiliza, binti yangu. Watoto wa siku hizi wanataka kuamua. Si vibaya. Lakini kuamua si jambo la kujivunia, hata mbuzi huamua. Juzi mbuzi wangu aliamua kula leso yangu mpya, akaila yote, hakumwuliza mtu. Nimefuga mbuzi tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na sijamwona hata mmoja aliyerudi akasimama mbele yangu akasema, Akko, leso yako niliila mimi, usimpige mwenzangu. Wewe umerudi, na njia ni ndefu. Nenda ukaendelee kuamua, na ukikosea tena, rudi tena."

Galgalo alitafsiri yote, mpaka leso ya mwisho, na safari hii hakupunguza hata neno moja.